Uchovu wa Mama Shamsa na Swali la Kidole cha Nne

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa miaka thelathini na mmoja ndani ya zahanati moja, katika mtaa mmoja wa Mchafukoge, na karibu katika kiti kimoja, maana kiti cha chumba namba mbili kilibadilishwa mara moja tu, na hicho kipya kikavunjika kabla ya kile cha zamani. Siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache. Nilishindwa. Nilikula pilau yenu nikanyamaza. Haya ndiyo maneno yenyewe. Ninayaandika kwa haraka kuliko ilivyo desturi yangu, na sababu ya haraka nitaieleza mwishoni, nisije nikaitanguliza mbele ya kazi.

Vyeo sitavitaja, kwa kuwa sikuwa navyo vingi vya kutaja. Nitaandika juu ya uchovu. Ndiyo shida niliyoisikia mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Mtu aliyevunjika mkono hakupi wasiwasi, mkono unauona. Lakini anapoingia mtu mzima, anakaa, anaweka funguo za duka mezani na kusema, "Dokta, mimi nachoka tu," hapo huna pa kushika. Nyuma ya maneno hayo panaweza kuwa hakuna kitu, na panaweza kuwa na kaburi.

Nilifika nikitokea Lindi, na koti jeupe lililonizidi mabega. Kabla ya chuo cha utabibu nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, nikafika hadi vitabu vya fikihi, yaani sheria za ibada. Kwa hiyo hata kabla wagonjwa hawajanijua kwa dawa, walinijua kwa kanzu ya Ijumaa, wakaniita Ustadhi. Jina hilo nililipenda. Baadaye mtaona lilinigharimu nini.

Siku yangu ya kwanza nilipokea watu saba waliolalamikia uchovu, na wote saba nikawaandikia malaria. Muuguzi mkuu wakati ule alikuwa Sista Apolonia, mama wa Kichaga kutoka Rombo, mfupi, mwenye rozari mfukoni na jicho lisilopepesa. Mchana aliingia na zile kadi saba mkononi.

"Ustadhi, mbu wa Kariakoo wana bidii sana leo."

"Ndiyo, Sista," nikajibu, nisielewe.

"Huyu wa tatu ulimuuliza analala saa ngapi?"

"Hapana."

"Ana mapacha wa miezi miwili. Mbu wake ni hao mapacha."

Kisha akanifungulia mkono wake wa kushoto. Ndivyo alivyofundisha, hakuwa na karatasi wala ubao. Kidole gumba: unalala? Cha pili: unakula nini, na chai unainywa wakati gani? Cha tatu: unakunywa maji kiasi gani, unakwenda haja ndogo mara ngapi? Cha nne: damu inakutoka wapi? Cha mwisho, kile kidogo: nani amekufa, au nani anakunyima raha? Akasema kimewekwa kwenye kidole kidogo kwa sababu jibu lake watu hulitoa kwa sauti ndogo. Na kiganja ni yote yaliyobaki: homa, kikohozi, kukonda, mimba, dawa anazomeza, rovu la shingo. "Mgonjwa wa uchovu," akasema, "hatoki humu mpaka ngumi imefunga. Kidole kimoja kikibaki nje, hujamtibu, umemsindikiza tu."

Niliifanya kazi kwa mkono huo, na mkono ulinilipa. Kidole cha tatu kilinipatia muuza vyombo vya plastiki ambaye kila alipochoka alikunywa soda apate nguvu, na kila alipokunywa alichoka zaidi. Sukari yake ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kidole cha pili kilinionyesha kina mama wengi wanaokula wali na maharage huku wanashushia chai nzito, bila kujua kwamba chai hiyo inayazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kidole kidogo kilimliza fundi cherehani mmoja wa Ilala, mtu wa miraba minne, aliyekuwa amepimwa kila kitu kinachopimika mjini. Nilimuuliza nani amekufa. Akasema, "Hakuna aliyeniuliza hilo." Alikuwa amemzika mtoto miezi mitano nyuma, na tangu siku hiyo alikuwa anaamka amechoka kuliko alivyolala.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mashine ya kupimia wingi wa damu ilikuwa ikifanya kazi kwa vipindi, kama mvua. Ilipogoma, Sista alitoa karatasi zake za kunyonya tone la damu, akalinganisha wekundu wa tone na rangi zilizochapwa kwenye kijitabu. Hakufanya kazi hiyo chini ya taa hata siku moja. Alimpeleka mgonjwa mlangoni, penye jua, akasema taa ya mrija humtia kila mtu rangi ya maiti, na mwanga wa Mungu ndio usiosema uongo. Kope aliziangalia kwa ndani, kama zina wekundu, hukohuko mlangoni, mbele ya wapita njia. Wengine walidhani tunatafuta vibanzi machoni.

Sasa niseme juu ya Mama Shamsa.

Alikuwa muuza mchele wa jumla, duka lake dakika tano kutoka kwetu, upande wa sokoni. Mumewe, Bwana Mbaraka, tulikuwa tunasali safu moja. Mama Shamsa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, sauti ya juu, mikono imejaa hina mpaka kwenye kucha. Wanunuzi walimheshimu kwa jambo moja: alijua mchele. Alichoma gunia kwa bambo, kile kichuma chenye mfereji, akamimina punje kiganjani, akang'ata moja akakwambia mchele umekauka au bado, ni wa Kyela au umechanganywa. Wauza mchele wote hung'ata punje. Yeye alizidi. Alikuwa anatafuna mchele mbichi tangu anafungua mpaka anafunga, na sote tukasema ni ujuzi.

Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Rajabu.

"Shikamoo, Ustadhi."

"Marahaba, Mama Shamsa. Una nini?"

"Nachoka. Ngazi za kwangu zilikuwa mbili, siku hizi naona kama wameongeza ghorofa."

Nilianza vizuri. Analala. Anakula. Maji ya kawaida, haja ya kawaida. Nikafika kidole cha nne.

Niwaeleze kilichotokea, maana nimekirudia kichwani mara nyingi. Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamwona amekaa na mtandio wake, mke wa jirani yangu wa safu, ananiita Ustadhi, na mimi jioni nitakuwa msikitini namwangalia mumewe usoni. Nikaona kumuuliza mwanamke huyu juu ya damu yake ni kuvunja kitu. Nikajiambia: kama lingekuwepo jambo, angesema. Nikaruka, nikaenda kidole kidogo, nikamuuliza kama kuna msiba. Akacheka, "Msiba ni wateja wa siku hizi." Viganja nilivitazama, lakini hina ilikuwa imevifunika. Macho niliyaangalia palepale kitini, chini ya taa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikampa vidonge vya vitamini, nikamwambia apumzike.

Alirudi Shaabani ilipoingia. Safari hii moyo ulikuwa unamwenda mbio akivuka barabara tu. Kipimo cha taifodi kikasoma kidogo, kama kinavyosomeka kwa nusu ya watu wa mjini, nami nikakishika kama mtu aliyetumbukia kisimani akaona kamba. Nikampa dawa za siku kumi. Mashine ya damu ilikuwa imegoma wiki hiyo, na karatasi za Sista sikuzikumbuka. Nasema sikuzikumbuka. Mungu anajua zaidi.

Baada ya siku hizo kumi Bwana Mbaraka alinishika mkono tulipotoka msikitini.

"Ustadhi, mwenzangu bado. Anakaa juu ya gunia kutwa. Watu wanamwambia ni umri. Wengine wanasema amechezewa."

"Dawa amemaliza?"

"Zote. Na tumbo limemharibika. Nguvu hakuna."

Nilimwambia tuwe na subira. Nikaenda nyumbani. Nilijua kuna kidole kimebaki nje, nilijua ni kipi, na bado nikawa najipangia namna ya kukizunguka.

Siku za Jumamosi, baada ya Alasiri, nilikuwa nafundisha darsa la fikihi msikitini. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma ya pazia, na maswali yalitoka pande zote. Ramadhani ilikuwa imekaribia, kwa hiyo tulikuwa kwenye mlango wa saumu. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, imechoka, inakatika.

"Ustadhi, nina swali la dini, si la ugonjwa. Mwanamke anatoka damu siku nyingi. Bado hajalipa saumu za mwaka jana na mwezi unaandama. Afanyeje?"

Nami, sikilizeni maajabu ya mwanadamu, nikajibu bila hata kukohoa. Tunasema hakuna haya katika kujifunza dini, na nilikuwa nimelifundisha somo hilo mbele ya watu miaka mingi. Nikamuuliza: siku ngapi? Ya rangi gani? Nyepesi au nzito? Tangu lini? Maswali yaleyale niliyoshindwa kuyatoa chumba namba mbili nikiwa na koti jeupe, niliyatoa hadharani nikiwa na kanzu.

"Kumi na nane, mara nyingine ishirini," ikajibu sauti. "Nzito. Yapata mwaka na nusu."

Nikafungua mdomo kusema hukumu. Katika madhehebu yetu, damu ikipita siku kumi na tano haiitwi tena hedhi. Vitabu vyetu vinaiita damu ya ugonjwa. Nimewafundisha watu maneno hayo mara nyingi nisizoweza kuhesabu, damu ya ugonjwa, na siku hiyo ndiyo kwanza nikayasikia. Nikanyamaza. Na katika ule ukimya, nyuma ya pazia, nikasikia mlio mdogo wa punje kuvunjika menoni.

Sista Apolonia alikuwa ameniambia tangu mwaka wangu wa kwanza: anayekula udongo, barafu au mchele mbichi, usimcheke, mpime damu. Tukaona muuza mchele anatafuna mchele, tukaita ujuzi.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya ustadhi tena, "swali lako lina majibu mawili. La saumu litasubiri. Tutoke nje sasa hivi."

Darsa liliishia hapo. Nilimkuta kwenye kizingiti cha mlango wa wanawake, ameshika ukuta. Nikamwomba ageukie jua, avute ukope wa chini kwa kidole chake mwenyewe. Ulikuwa mweupe kama utando wa ndani wa ganda la yai.

Bwana Mbaraka na mimi tulimpeleka zahanati hatua kwa hatua, na kila hatua nilikuwa naomba. Sista alikuwa zamu. Hakuuliza kitu. Alichoma kidole, akaenda na karatasi yake mlangoni, akasimama pale muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akajaribu mashine, nayo siku hiyo ikaamua kufanya kazi: nne nukta moja. Mwanamke mwenye afya ana kumi na mbili. Mama Shamsa alikuwa anapanda ngazi na theluthi ya damu yake.

Wakati naandika barua ya rufaa, Sista alisimama karibu na meza.

"Una vidole vingapi, Ustadhi?"

"Vitano."

"Ulimuuliza vingapi?"

Yeye alijua jibu. Akachukua barua, akasahihisha jina la mgonjwa nililolikosea, akasema, "Twende. Majuto yako utayabeba mwenyewe, dripu nishikie mimi."

Hospitalini walisema anahitaji damu mapema iwezekanavyo, na kundi lake lilikuwa adimu kwenye friji siku hiyo. Niliwahi kuogopa kazini, lakini hofu ya jioni ile sijaipata tena. Nilikaa kwenye benchi nikahesabu: tangu Rajabu, siku arobaini na zaidi, na siku nyingi kati ya hizo damu ilikuwa inamtoka, na mimi nilikuwa na swali moja mfukoni sikulitoa. Bwana Mbaraka alipiga simu sokoni. Kabla ya Isha walifika wachukuzi wanne waliokuwa wanapakua magunia yake, vumbi la mchele bado limo nyusini, na mwenye duka la jirani ambaye, nilivyoambiwa, yeye na Mama Shamsa hawakuwa wakisemezana tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi iliyopita.

"Nani wa kwanza?" akauliza muuguzi.

"Nianze mimi," akasema yule jirani. "Akifa nitagombana na nani?"

Wawili damu yao ililingana na ya Mama Shamsa. Damu ikaingia. Daktari bingwa akakuta uvimbe kwenye kizazi, mkubwa kama embe dodo, akautoa baada ya mwili kupata nguvu. Mama Shamsa alifunga Ramadhani ya mwaka uliofuata yote, akalipa na za nyuma, polepole, Jumatatu na Alhamisi.

Alipopona nilikwenda dukani kumwomba radhi. Alikuwa anachoma gunia kwa bambo. Alimimina punje kiganjani, akang'ata moja, akaitema.

"Siku hizi sina hamu nao," akasema. "Naonja tu."

Nikamwambia kwamba nilipaswa kumuuliza tangu siku ya kwanza.

"Ustadhi, mimi nilijua unajua," akasema. "Nilikaa pale nikasema, kama lingekuwa na maana angeniuliza. Hukuniuliza. Nikaona basi, ni mambo ya wanawake, halina maana."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana maneno hayo hayajanitoka. Mgonjwa hupima ugonjwa wake kwa maswali yetu. Tukiliruka swali, tumemwambia hana kitu.

Sista Apolonia alistaafu, akarudi Rombo, na Mungu amemchukua. Siku anaondoka alinipa kile kijitabu cha rangi. Kiko kwenye droo ya kushoto ya chumba namba mbili, msikitupe. Tangu Mama Shamsa, kila mgonjwa wa uchovu aliyekaa mbele yangu niliufunga mkono wote, awe shehe, awe mkwe wangu, awe mke wa diwani. Wengine walikasirika. Shehe mmoja aliniambia sina adabu. Nikamwambia ni kweli, kisha nikarudia swali.

Sasa sababu ya haraka.

Wiki tatu baada ya pilau, mnajua, nilirudi pale kama mgonjwa. Nilikuwa nachoka. Nilidhani ni kukaa bure, kisha nikadhani ni umri, yale yale waliyomwambia Mama Shamsa. Aliyenipokea ni Tabibu Neema, niliyemfundisha mwenyewe, na nikakaa upande wa pili wa meza yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniuliza usingizi. Aliniuliza chakula na chai. Aliniuliza haja ndogo, kwa sauti ya chini lakini aliuliza. Kisha nikamwona anasita. Akakitazama kidole chake cha nne, akanitazama mimi, mvi zangu, kofia yangu. Akasema, "Na nyumbani, baba, wote wazima? Hakuna msiba?"

Nikautambua ule mruko. Niliwahi kuufanya mimi. Na lazima nikiri mbele yenu, kwa kuwa Mungu alikwisha kuona: moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimekwenda pale nikiomba asiniulize. Aliponiruka nilijisikia mzima. Nikawaza, basi, halina maana, na nikaanza kunyanyuka.

Nikiwa nusu nimesimama nikasikia, wallahi, kama punje inavunjika mahali.

Nikakaa tena. Nikaweka mkono wangu wa kushoto mezani, vidole vinne nimevikunja, kile cha nne kimebaki nje.

"Neema," nikasema, "ngumi haijafunga."

Macho yakamjaa. "Baba, naona haya."

"Na mimi naona haya. Uliza."

Akaweka kalamu chini, akanitazama usoni kama Sista alivyokuwa akitazama.

"Baba, ukienda chooni, unaona damu?"

"Ndiyo," nikasema. "Mwezi wa pili sasa."

Akanishika mkono, akanipeleka mlangoni penye jua, akanivuta ukope mbele ya wapita njia. Barua ya rufaa aliiandika vizuri, jina langu hakulikosea. Kipimo ni kesho asubuhi. Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa, na kwa yule aliyeniuliza. Kijitabu kiko droo ya kushoto.